Baba anasema siasa ndiyo iliyotutoa kwetu. Nigombee au niache?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23. Wazazi wangu ni Wakongomani wa Kivu Kusini, lakini mimi nimekulia Nyarugusu, kambini Kigoma, na huko ndiko nilikosoma. Tuliletwa San Diego, California, miaka minne iliyopita. Sasa nasoma chuo cha jamii, hivi vyuo vya miaka miwili, nachukua masomo ya kuniwezesha kuingia uuguzi. Muhula huu nina uniti 8 (uniti ndiyo kipimo cha wingi wa masomo huku), zote za jioni. Siku nne kwa wiki nikitoka darasani naenda moja kwa moja kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya saa tano usiku mpaka asubuhi.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa pili. Chuoni kwetu ofisi ya msaada wa ada hufunga dirisha saa kumi na moja jioni, na sisi wa jioni wengi ndiyo kwanza tunatoka kazini saa hiyo. Siku hiyo niliwahi, nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa Kimeksiko, bado amevaa sare ya usafi wa hoteli, mikono inanukia dawa ya kufulia. Alipofika zamu yake, kijana wa ndani alionyesha saa ukutani, akashusha pazia. Yule mama alikuwa ameshika barua inayomwambia alete karatasi zake kabla ya kesho yake, la sivyo msaada unakatika. Hakusema kitu. Aliikunja ile barua, akaikunja tena na tena mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Nikamvuta tukakaa kwenye benchi, tukajaza fomu kwa simu yangu, yeye na Kihispania chake, mimi na Kifaransa changu cha shule ya kambini, tukikwama tunaulizana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Tulimaliza. Darasani nilichelewa nusu saa.

Tangu hapo watu wakikwama wananitafuta mimi. Mwalimu wangu wa Kiingereza akaniambia uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ni mwezi wa nne, nichukue fomu. Wenzangu wanasema nigombee urais kabisa. Fomu inataka sahihi 50, nimeshapata 31, na inatakiwa irudishwe Ijumaa ijayo.

Shida ni baba. Zamani alikuwa mwalimu Uvira. Nilipomwambia aliweka kijiko chini, akasema: siasa ndiyo iliyotutoa kwetu, leo wewe unaifuata huku? Akanikumbusha wanafunzi wa Lubumbashi walioshambuliwa usiku mabwenini. Kisha akasema neno lililoninyima usingizi: mtu asiye raia akigusa mambo ya kura Marekani, anafukuzwa. Sisi bado mwaka mmoja tuombe uraia. Akasema, ukituharibia, utatuharibia wote wanane.

Kuna mengine pia. Rafiki yangu anasema wanaoruhusiwa kugombea ni wenye uniti 12 tu. Wenzangu wa Kimarekani wanataka nipige video nisimulie maisha ya kambini, njaa, mvua kuingia ndani, wanasema hiyo ndiyo itakayonipa kura. Moyo wangu unakataa, ila sijui kama ni aibu au ni nini. Kijana mmoja mwenzetu Mkongomani, nilipompa karatasi asaini, aliniuliza kwanza mimi ni kabila gani. Na lafudhi yangu, Shangazi. Nikisema neno mara ya kwanza wengi wananiambia nirudie.

Mama yeye hajasema kitu. Kambini alikuwa kwenye kamati ya maji, nadhani ananielewa. Lakini hawezi kumpinga baba mbele yetu.

Nifanye nini?

Binti wa Nyarugusu, San Diego

*

Marahaba, binti yangu.

Gombea. Ila usigombee urais, na fomu usiirudishe kabla hujakaa na baba yako. Siku zilizobaki zinatosha kwa yote mawili.

Naanza na baba, kwa sababu naona wengi watakuambia mzee amepitwa na wakati, hajui kwamba hapa ni Marekani. Usimwambie hivyo. Baba yako anajua anachokisema. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, walitoka kuandamana wakidai mambo ya masomo yao na maisha yao, jeshi la Mobutu likawapiga risasi. Mwaka 1971 wanafunzi wa chuo hichohicho waliswagwa kuingizwa jeshini kwa nguvu. Na Lubumbashi anayokutajia ni ya Mei 1990: watu walivamia kampasi usiku, taa zimezimwa, wanafunzi wakauawa, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Hata kwetu Tanzania, ambako mambo yalikuwa mapole kuliko huko, mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliondolewa chuoni na askari kwa sababu ya barua aliyomwandikia mkuu wa chuo. Kijana aliyekua wakati huo akisikia mwanawe anataka uongozi wa wanafunzi, haoni dirisha lililofungwa saa kumi na moja. Anaona bweni lililozimwa taa.

Kwa hiyo nenda kwake ukiwa na swali. Mwombe akusimulie Lubumbashi yote: aliisikia wapi, kwa nani, walikuwepo kina nani aliowafahamu. Usimkatize, usimlinganishie na hapa. Nina hakika hajawahi kuulizwa. Akishamaliza, siku hiyo nyamaza, usitaje fomu. Itaje kesho yake.

Halafu angalia maneno unayotumia. Sisi tumelitafsiri jambo hili "serikali ya wanafunzi", na kwenye Kiswahili chetu serikali ni kitu kizito. Serikali ina askari, ina jela, ina kodi. Ukimwambia mzee aliyekimbia vita kwamba unaingia serikalini, umeshamtisha kabla hujaeleza. Unachogombea ni kukaa kwenye baraza la wanafunzi. Halina chama cha siasa, halina polisi, na uamuzi wake mwingi ni maombi na mapendekezo. Mfano wake wa karibu kabisa baba yako anaujua, kwa sababu ulikuwa nyumbani kwake: kamati ya maji aliyokaa mama yako. Watu wanachaguana, wanakaa, wanaandika kwamba bomba la upande huu halitoi maji, wanapeleka kwa wenye mamlaka, wanafuatilia. Sisemi umfichie. Namaanisha umweleze kwa kitu alichokiona kikifanya kazi.

Sasa uraia, maana hilo la kuchezea halipo.

Baba yako ana haki kwa sehemu kubwa, na naomba msimcheke. Asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa nchi hii ni kosa la jinai, na kusema au kutia tiki kwamba wewe ni raia wakati si raia kunaweza kukuzibia uraia maisha yako yote na kukufikisha kwenye kufukuzwa. Fomu ya kuomba uraia mtakayoijaza mwakani inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, wa jimbo au wa serikali ya mtaa. Lakini uchaguzi wa wanafunzi hauko kwenye hayo. Ni uchaguzi wa ndani wa chuo, kama mnavyochagua uongozi wa kwaya. Mwanafunzi mwenye hadhi ya ukimbizi, mwenye kadi ya kijani, hata wa viza ya masomo, anapiga kura kwa namba yake ya mwanafunzi na anaweza kuchaguliwa.

Hatari ipo pembeni yake, na hii ndiyo nataka uishike. Wakati wa uchaguzi, kampasini huwa kuna meza nyingi. Moja ni ya wagombea wa wanafunzi. Nyingine, hatua tatu kutoka hapo, ni ya watu wanaoandikisha wapiga kura wa Marekani, wenye tabasamu na kalamu za bure, nao watakuambia tu "jiandikishe upige kura". Mtu aliyechoka, aliyetoka zamu ya usiku, anasaini akidhani ni kitu kimoja. Usisaini chochote kwenye meza hiyo mpaka siku utakapoapishwa uraia. Waambie na wale utakaokuwa unawaomba kura, maana wageni wenzako watakuwa wamekuja pale kwa ajili yako. Na ukienda kwenye ofisi ya leseni za udereva, soma kila kisanduku, kwa sababu fomu zao nazo zina swali la kuandikishwa kupiga kura.

Hayo usiyamalize kwa neno langu peke yangu. Vyuo vingi vya jamii California vina huduma ya wanasheria wa uhamiaji bila malipo kwa wanafunzi. Uliza kwenye ofisi ya huduma za wanafunzi kama chenu kinayo, weka miadi, na nenda na baba. Aulize yeye mwenyewe, wewe ukae pembeni. Jibu atakalolisikia kwa mwanasheria, akiwa ameuliza kwa kinywa chake, litamtuliza kuliko maneno mia moja ya bintiye.

La uniti. Rafiki yako amekosea. Sheria ya elimu ya California inamtaka kiongozi wa wanafunzi wa chuo cha jamii awe na uniti zisizopungua 5 wakati wa kuchaguliwa na kipindi chote cha uongozi, na alama zake zisishuke chini ya kiwango cha chuo. Wewe unazo 8. Katiba ya wanafunzi wa chuo chenu inaweza kuongeza masharti yake, hasa kwa rais, kwa hiyo iombe uisome. Usiikubali habari ya korido.

Lakini 8 hizo zihesabu vizuri. Uniti moja ni kazi ya saa tatu hivi kwa wiki, ukijumlisha darasani na kusoma nyumbani. Hapo una saa 24. Zamu zako nne ni saa 32. Jumla 56, na wewe unalala mchana wakati nyumba ina watu wanane. Rais wa wanafunzi anaitwa kwenye kila kikao, anakaa na mkuu wa chuo, anasafiri, anasalimia wageni. Watakupenda sana na utaanguka anatomia. Na uuguzi ukifika, watakachotazama kwanza ni alama zako za anatomia na fiziolojia. Gombea useneta, yaani ujumbe wa kawaida wa baraza. Huo ni kikao kimoja kwa wiki, kamati moja, na kusoma karatasi. Saa tano, sita. Hizo zinaweza kupatikana. Uliza pia kama viti vina posho, vyuo vingine hutoa, na kama ipo mweleze anayeshughulikia msaada wako wa ada kabla hujaipokea.

Tena useneta ndio unaokaa karibu na lile dirisha. Watu wengi hawajui kwamba California iliweka jambo hili kwenye kanuni za vyuo vya jamii, likifuata sheria kubwa ya mageuzi ya 1988: bodi ya chuo haitakiwi kuamua mambo yanayowagusa sana wanafunzi kabla wanafunzi hawajapewa nafasi ya kushiriki. Yametajwa kabisa, na mipango ya huduma za wanafunzi imo. Kwa hiyo mkiwa kwenye kamati hamwombi hisani. Lakini pia hamtoi amri. Mtakachokuwa nacho ni haki ya kusikilizwa mapema, na hiyo inafanya kazi kwa mtu aliyekuja amejiandaa.

Jiandae basi. Chukua daftari. Kila jioni unayokuwa na darasa, ukiweza kufika saa kumi na nusu, kaa kwenye benchi lilelile ulilokaa na yule mama. Dirisha likifungwa hesabu waliobaki kwenye foleni. Andika tarehe, andika idadi. Usiandike majina. Ukifanya hivyo wiki tatu una kitu mkononi ambacho hakuna mgombea mwingine anacho, na wala msimamizi wa ile ofisi pengine hana. Kisha omba jambo dogo linalowezekana: dirisha libaki wazi mpaka saa moja usiku, siku mbili kwa wiki. Usiahidi ada itapungua, ada za vyuo vya jamii zinapangwa Sacramento, makao makuu ya jimbo. Wala usiahidi Wakongomani watapata ufadhili wao. Ahadi ya fedha usiyoishika itakurudia.

Na hapo ndipo nakuja kwenye video. Moyo wako unaokataa, usiuite aibu.

Hadithi ya Nyarugusu si yako peke yako. Ndani yake yumo mama yako, wamo wadogo zako, yumo baba aliyekuwa mwalimu akawa anapanga foleni ya mgao. Hao hawajaombwa ruhusa, na video ikishatoka hairudi. Watu watakulilia, watakupongeza, halafu kwa mwaka mzima kila ukisimama kuzungumzia maegesho ya magari watakutazama kama mtoto wa mvua na hema. Yako mwenyewe isimulie siku utakayotaka, kwa mtu utakayemtaka. Kura ziombe kwa dirisha, kwa sababu dirisha ni la wote: la yule mama wa hoteli, la kijana wa Kimarekani anayeuza kahawa mpaka saa kumi na moja kasorobo, la askari mstaafu aliyerudi shule. Yule mama pia, ukitaka kumtaja, mwombe kwanza. Akikataa, sema tu "mtu mmoja kwenye foleni".

Yule kijana wa kabila. Natamani ungekuwa umemjibu, lakini nadhani ulishtuka. Swali hilo tumelibeba kutoka nyumbani, tumelivusha bahari na mizigo, na limevunja vyama vyetu vingi huku ugenini. Mrudie. Usimgombeze. Mwambie: mimi nataka dirisha la jioni lifunguliwe, wewe una darasa la jioni au huna? Akisaini, vizuri. Asiposaini, mshukuru uende kwa mwingine. Usikubali, hata kwa kunong'ona, kumtajia kabila ili upate sahihi moja. Ukishapata kura kwa mlango huo, utadaiwa kwa mlango huo.

Nikueleze na langu kidogo. Mimi nilitoka Tanga nikaja kusoma chuo cha jamii jimbo hilihili, nikiwa tayari mama wa mtoto mmoja. Mara ya kwanza nilipogombea nilibandika mabango 40 mazuri, picha yangu na kilemba, nikakaa nikisubiri. Nilishindwa kwa kura 11. Yaliniuma, kwa sababu kwenye chaguzi hizi wanaopiga kura huwa wachache, na kura 11 ni kituo kimoja cha basi. Mwaka uliofuata sikubandika kitu. Nilisimama kituoni saa tatu na nusu usiku, madarasa yakitoka, wiki mbili mfululizo. Kulikuwa na dada mmoja kila siku yuko na mwanawe amelala begani. Siku ya tatu aliniomba nimshikie mtoto atafute kadi yake ya basi. Nikamshika, mzito, amelowa jasho shingoni. Tukaongea mpaka basi likaja, na sikumwomba kura. Siku ya tano alikuja na wenzake wawili, akaniambia, hawa nao waambie. Nilishinda.

Kikao cha kwanza niliingia sielewi kitu. Watu wanatoa hoja, wanaunga mkono, wanaahirisha. Nikakumbuka redio ya baba yangu wakati wa Bunge, "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja", nikagundua ni utaratibu uleule, kwa lugha nyingine. Kama umewahi kuwa kwenye kwaya au kanisa, bila shaka umeona kikao cha wazee kinavyoendeshwa. Utashika haraka.

Lafudhi nakujibu kwa ufupi. Wakikuambia rudia, rudia, polepole, bila kuomba radhi. Tayarisha sentensi tatu za Kiingereza kuhusu dirisha, zikae kichwani kama ubeti wa wimbo, uzifanyie mazoezi na wazee wa kazini kwako wanaokesha. Wanapenda kuongea usiku, na wengine masikio yao hayasikii vizuri. Wakikuelewa wao, chuo kizima kitakuelewa.

Mwisho narudi kwa baba. Vikao vya baraza la wanafunzi kwenye vyuo vya jamii vya California viko chini ya sheria ya mikutano ya wazi, iliyotungwa 1953. Ajenda ya kikao cha kawaida inabandikwa saa 72 kabla, mlango uko wazi, na mtu yeyote anaweza kuingia, hata asiyesoma hapo, na akitaka anapewa dakika zake za kusema. Itafute ajenda ya wiki hii. Mpeleke baba yako akae nyuma. Mpeleke na mama. Atawaona vijana wa miaka 19 wakibishana nusu saa juu ya microwave ya chumba cha chakula, na kila mtu akirudi nyumbani kwake salama. Usimtafsirie kila neno. Yeye ni mwalimu, atasoma chumba.

Akitoka pale bado anasema hapana, niandikie kabla ya Ijumaa. Hilo litahitaji barua nyingine, na sitaki kukuagiza umvunje baba yako kwa ajili ya kiti cha mwaka mmoja. Ila sidhani tutafika huko.

Zimebaki sahihi 19. Jumanne jioni simama karibu na lile dirisha, saa kumi na moja kasoro dakika kumi, foleni ikiwa bado ndefu.

Shangazi